Ukuta wa Wasiosalimiwa

Wachimba kaburi la mama walipofika kimo cha kiuno, udongo uligeuka. Juu ulikuwa mwekundu, ule ule tunaoulima. Chini ukawa mweupe, laini, wenye unyevu, na kila koleo lilipoutupa nje harufu yake ilinifikia pale nilipokaa na wanawake. Ni harufu ya mvua ya kwanza iliyochanganyika na maziwa yanayoanza kuganda. Wenzangu walidhani nalia kwa ajili ya mama tu, wakanishika mabega. Ua lilikuwa limejaa. Watu walitoka Endagikot yote, wengine Dongobesh, wengine walipanda basi tangu Katesh. Sufuria zilikuwa motoni tangu alfajiri, na vijana walibishana kuhusu mahali pa kupanga viti. Niliwatazama watu wote wale nikawaza kwamba mama angewashangaa. Maana upo wakati tulizika mtu kwenye ua huo huo, na hakuna aliyekuja.

Aliyezikwa alikuwa mdogo wangu wa kiume, mtoto ambaye bado alinyonya. Alikohoa siku nne, siku ya tano akanyamaza. Baba alichimba mwenyewe nyuma ya nyumba, mama akamlaza, na tuliporudi nilikaa mlangoni kuwasubiri watu, kwa sababu nilijua kwamba msiba ukitokea watu huja. Nilikaa pale hadi ukungu wa jioni ukashuka. Baba akaniambia niingie ndani, nisisubiri tena.

Wale wa rika langu mliokulia Mbulu mnaijua metimani, ingawa siku hizi hatuitaji sana mbele ya wajukuu. Nyumba iliyofiwa na mtoto wa kunyonya ilihesabiwa kuwa na uchafu usioonekana kwa macho, uchafu unaoweza kumfuata mtu mpaka kwake ukamwulia mtoto au ng'ombe. Kwa hiyo nyumba hiyo ilikaa peke yake mpaka muda wake uishe na wazee wafanye linalopasa kufanywa. Hatukuomba moto kwa jirani. Hatukuchota maji walipochota wengine. Tulionyeshwa kijito chetu na njia ya kukiendea. Mtu akikutana na baba alipinda akapita majanini. Hakuna aliyetuchukia, na hilo ndilo lililonishinda kulielewa, kwa sababu mtu akikuchukia unaweza angalau kukumbuka ulimkosea nini.

Mimi neno uchafu nililielewa kama mtoto anavyolielewa. Nilinawa. Nilisugua mikono kwa majani makavu mpaka ngozi ikaniwasha, nikapanda kichuguu kilichotazamana na kwa jirani na kumwinulia Ansila viganja vyangu kwa mbali, aone kwamba ni safi. Ansila ndiye niliyekuwa nikicheza naye kila siku ya maisha yangu. Alinitazama kidogo. Kisha mama yake akamwita, naye akaenda.

Ndani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu mama aliacha kusema. Hakuwa bubu, ukimwita aligeuka, ukimpa chakula alikishika. Maziwa yalimjaa kifuani, yakamuuma, yakakauka, na katika muda wote huo hakutamka neno. Baba alikuwa mtu wa maneno machache tangu zamani, naye sasa alikuwa akilima peke yake shamba ambalo mwaka uliotangulia lililimwa na watu ishirini walioitwa kwa pombe. Akirudi alilala. Kwa hiyo nilizungumza na kondoo.

Kondoo ndio walionipeleka kule. Zamani, enzi za kuogopa Wamasai, wazee wetu walichimba nyumba ndani ya vilima, paa wakalifunika kwa udongo na majani, hata adui aweze kupita juu asijue kwamba anakanyaga watu. Nilipozaliwa nyingi zilikuwa zimeachwa, na mtu asiyezijua angeona kilima tu. Siku moja nilikuwa nikichunga upande wa kijito chetu, mwanakondoo akatitia mbele ya macho yangu. Palipokuwa na mwanakondoo pakabaki tundu, na sauti ya kulia ikatoka chini.

Nilizunguka kilima mpaka nikaupata mlango nyuma ya vichaka, nikaingia kwa kupapasa. Jua lilikuwa utosini, na mwanga ulishuka kupitia tundu la paa ukapiga ukutani, na pale ukutani palikuwa na tembo. Mguu wake mmoja ulikuwa gurudumu. Mkonga wake ulishika gogo refu, na mwisho wa gogo palikuwa na vidole vya mtu. Pembeni mwake simba alicheka kwa meno ya binadamu. Juu yao ndege mwenye tumbo la chuma alitaga mayai, na ndani ya kila yai mlikuwa na moto. Pembe za fahali zilianzia kona yenye giza, zikauzunguka ukuta mzima chini ya hayo yote, na zilipofika mlangoni nilipokuwa nimesimama zikageuka kuwa vichwa viwili vya nyoka.

Sikukimbia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu kuingia katika nyumba ya watu wengine.

"Hajavunjika mguu," sauti ya mwanamume ikasema.

Alikuwa ameketi chini na mwanakondoo mapajani, amevaa koti la jeshi lililochakaa viwikoni. Alinyoosha mkono anipe. Nilirudi nyuma nikamwambia nilichofundishwa kumwambia kila mtu, kwamba asinishike, nyumba yetu ina metimani.

"Basi umefika," akasema. "Hapa hakuna asiyekuwa na lake."

Huyo alikuwa Tluway. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma, na aliporudi wazee walitaka kumtakasa kwa sababu ya watu aliowaua, kama ilivyokuwa desturi. Wakamwuliza aliowaua ni wangapi na ni wa ukoo gani. Akasema hajui, alipiga risasi kwenye miti na miti ikanyamaza. Wazee walikaa siku mbili wakijadiliana, maana huwezi kumtakasa mtu kwa damu usiyojua ni ya nani. Walimwambia asubiri. Alikuwa bado anasubiri, katika nyumba hiyo ya kuchimbwa iliyokuwa ya babu yake, na kuta zilipokuwa tupu mno akaanza kuzichora.

Wengine wawili niliwajua siku zilizofuata. Mmoja alikuwa Veronika, msichana wa miaka kama kumi na minane aliyesoma misheni mpaka alipoonekana ana mimba na hana mume. Kwetu jambo hilo lilitisha kuliko kifo. Baba yake alimfukuza nyumbani, na sheria ilikuwa kwamba asizae katika ardhi yetu. Mwingine alikuwa mama mzee wa Kibarbaigi aliyeitwa Udamasi, mke wa mhunzi. Hata wafugaji wenzake wa uwanda wa Hanang hawakula na watu wa ukoo wa wahunzi wala kuoana nao, kwa hiyo yeye na mumewe walikuwa wamezoea kukaa pembeni ya watu wowote wale. Alikuja kila baada ya siku kadhaa na udongo mwekundu ndani ya kibuyu. Alikuwa na chale za duara kuzunguka macho, mstari ndani ya mstari, na ukimtazama uliona kama macho yake yanatoka mbali sana.

Udamasi hakujua Kimbulu vizuri na sisi hatukujua lugha yake, kwa hiyo mle ndani walisema Kiswahili, na ndipo nilipojifunzia. Kiswahili changu cha kwanza kilikuwa cha jeshini. Tluway alinifundisha kusema shikamoo kabla ya kunifundisha jambo lingine lolote. Nilimwamkia kila nilipoingia, nikamwamkia na Udamasi, na wao waliitika marahaba kwa sauti kamili, bila haraka. Msomaji atanisamehe nikisema kwamba wakati mwingine nilitoka nje nikaingia tena, ili tu niitikiwe.

Walikuwa na desturi moja. Mtu akimaliza kuchora, wenzake waliketi mbele ya kazi yake, kisha mmoja akauliza: "Umekitoa wapi?" Na aliyechora alipaswa kujibu kweli. Tluway alisema tembo alimwona Burma akivuta magogo msituni, na gurudumu alilitoa kwenye lori lililopinduka na kuua watu wawili aliokula nao asubuhi. Simba mwenye meno ya mtu alikuwa wa mawe, alikaa mlangoni pa nyumba ya ibada ya watu wa kule, na Tluway alijificha nyuma yake siku nzima. Alisema vitu hivyo havimwachi. "Nikikichora kinanitoka," akasema, "siku mbili, tatu, nalala."

Veronika yeye alitoa vyake kwenye picha kubwa za mafundisho ambazo katekista alizitundika ukutani. Alichora malaika, lakini kwa kuwa hakuwahi kumwona ndege mkubwa kwa karibu aliwapa mabawa ya ngozi kama ya popo. Alichora ng'ombe mwenye mishumaa mahali pa pembe. Alichora mwanamke ambaye tumbo lake lilikuwa dirisha, na ukichungulia dirishani uliona kijiji kizima, na watu wake wote wamekupa mgongo. Tluway alipomwona ng'ombe wa mishumaa akisimama juu ya gurudumu alilalamika kwamba ameibiwa. Veronika akasema hajaiba, ameazima, na Tluway mwenyewe ndiye aliyeazima mayai yenye moto kutoka picha ya jehanamu aliyosimuliwa naye. Walibishana mchana kutwa. Udamasi alicheka mpaka akashika mbavu.

Yeye Udamasi hakuchora mnyama mzima hata siku moja. Alichora mistari tu, ile ambayo bibi yake alishona kwenye mavazi ya ngozi, na mistari ikipita mahali pengi ikawa pembe, mto, nyoka, chale. Alipoulizwa amekitoa wapi alijibu kwa kunyoosha mkono kusini, upande ambako siku isiyo na ukungu Mlima Hanang ulionekana umekaa peke yake.

Siku waliponipa kijiti kilichotafunwa ncha na kibakuli cha udongo mweupe uliokorogwa na maziwa, nilichora kondoo. Nilipomaliza mgongo niliona hautoshi, nikamwekea nyumba yetu juu, na mlango, na moshi. Walikaa mbele yake. Veronika akauliza nimekitoa wapi, na mimi nikaona aibu, maana sikuwa nimefika Burma wala misheni.

"Nyumbani," nikasema. "Watu hawaji. Basi nyumba iende kwao."

Hawakucheka wala kunisifu. Tluway alisogea akatazama kwa karibu, akasema miguu ya kondoo yule inahitaji kuwa minene zaidi, safari ni ndefu. Nikainenepesha.

Sasa niseme nilivyokosea. Nilipomsikia Tluway akisema kwamba akikichora kitu kinamtoka, niliamini kwamba ndivyo uchafu unavyotoka. Niliamini wale wanyama ndio metimani zenyewe: kwamba unaitoa mwilini, unaibandika ukutani, nayo inabaki pale na gurudumu lake na meno yake, na ukuta ukishajaa kila mtu ataruhusiwa kwenda kwao. Nilihesabu nafasi zilizobaki. Nilikuwa na haraka, nami nikaona kwamba kondoo wangu hakutosha, kwa sababu metimani yetu haikuwa nyumba, ilikuwa mtoto. Nikaanza kumchora mdogo wangu.

Hakukaa ukutani. Nilichora kichwa, nikachora mwili uliofungwa nguo, lakini uso ulinikataa. Nilikuwa nimemsahau. Nilikuwa nimembeba mgongoni kila siku na sasa sikuweza kusema pua yake ilikuwaje. Nilifuta, nikachora, nikafuta. Siku hiyo nilirudi nyumbani mikono imepauka udongo hadi viwikoni, na mama, ambaye kwa miezi hakuwa ameona lolote, aliitazama mikono ile.

Kesho yake alinifuata. Sikumsikia. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ukuta, Veronika amekaa karibu yangu akiponda mkaa, na mwanga wa mlangoni ukazibwa. Veronika aliinuka kwa shida, mimba ilikuwa kubwa, akajibanza kwenye kona. Hofu yake niliielewa baadaye. Mwanamke aliyefiwa na mtoto na mwanamke mwenye mimba isiyo na mume hawapaswi hata kuvukiana kivuli. Tluway alisimama akavua kofia.

Mama hakuwatazama. Alitazama tembo, akatazama malaika wenye mabawa ya popo, akafuata zile pembe ndefu kwa macho mpaka mwisho, kisha akafika kwa mtoto asiye na uso.

"Siyo hivyo," akasema. "Paji lake lilikuwa pana."

Sauti yake ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Alichovya kidole kwenye udongo akachora paji. Akachora masikio, madogo, moja limekunjika kidogo juu. Akachora mdomo uliofunguka. Alipokuwa akifanya hivyo alikuwa akisema, kwa sauti ya chini, mambo ya kawaida kabisa: kwamba alipenda kushika nywele, kwamba alichukia jua machoni. Alipomaliza uso hakuacha. Alimpa mikono mirefu, mirefu kupita kiasi, ikafika kwa kondoo wangu na kumshika mkia.

Veronika alikuwa akilia kwenye kona. Mama aligeuka akamwona, akalitazama tumbo lake kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake kupima uzito. Akamwuliza ana miezi mingapi.

Sitaki kusema kwamba tangu siku hiyo mambo yalikuwa mazuri. Mama aliendelea kukaa kimya nyumbani mbele ya baba. Lakini alikuja nami kule chini, si kila siku, na mwezi wa mvua nyingi Veronika aliposhikwa na uchungu mchana mmoja, kabla Udamasi hajapata nafasi ya kumpeleka uwandani akazalie huko kama walivyokuwa wamepanga, ni mama aliyevua shuka lake na kumpokea mtoto. Alijua analofanya. Kama lingejulikana, muda wetu ungeanza upya, au usingekwisha kabisa, na baba angekuwa na haki ya kumfukuza. Mimi na Tluway tulikaa nje kwenye mvua. Mtoto alipolia, Tluway alianza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, sijui alikuwa anahesabu nini, akafika mbali sana.

Alikuwa msichana. Mama alimwosha, akampaka mafuta ya kondoo, akambeba mpaka akalala. Tukiwa njiani kurudi aliniambia maneno mawili tu: "Hatukuwa huko."

Wakati wa mavuno muda wetu uliisha. Wazee walikuja, yakafanyika yanayofanyika, na asubuhi moja mama yake Ansila aliingia kwetu kuomba moto kana kwamba aliomba jana. Watu walikuja kumsaidia baba kuvuna. Nilikuwa na furaha, na pia nilikuwa na kiburi, kwa sababu niliamini kwamba ni mimi na mama tuliofanya hayo, kwa mdogo wangu kubandikwa vizuri ukutani. Nilikwenda kumwambia Veronika kwamba sasa ni zamu yake, achore tu haraka. Alinitazama huku akinyonyesha. Akasema muda wake yeye hauna siku ya kwisha. Nikamwambia achore mnyama mkubwa zaidi.

Baada ya hapo sikwenda tena. Hakuna aliyenikataza. Kulikuwa na Ansila, kulikuwa na michezo ya mwaka mzima ya kufidia, na kila asubuhi nilijiambia nitakwenda kesho.

Halafu ikaja siku ya gulio. Tulikwenda wanawake na watoto kama kumi hivi, mama mbele na majirani, mimi nyuma na Ansila, tumeshikana mikono. Mahali njia inapobanwa na miamba tulimwona Veronika anakuja kutoka upande wa pili, mtoto mgongoni. Alikuwa peke yake. Wanawake walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Wale wa mbele wakaanza kupinda kwenda majanini, wakiwavuta watoto.

Veronika hakupinda. Alisimama pembeni kabisa ya njia kutupisha, na akatutazama mimi na mama. Hakupaswa kuanza yeye. Mimi ndiye mdogo, salamu ilikuwa juu yangu. Niliitafuta sura ya mama nione atafanya nini. Mama alikuwa anatazama chini, kama mtu anayeogopa kujikwaa. Leo nadhani na yeye alikuwa anasubiri aone nitafanya nini mimi. Mkono wa Ansila ulikuwa mkononi mwangu, una jasho, na nilijua ungeachia. Nikatazama miguu ya aliyenitangulia. Tukapita. Mtoto alikuwa macho. Nilimwona kwa pembe ya jicho akigeuza kichwa kutufuata, kwa kuwa watoto wa umri ule hutazama chochote kinachotembea.

Ansila akaniuliza yule ni nani. Nikasema simjui.

Nilikaa siku nne bila kwenda huko. Siku ya tano nilikimbia mpaka kilimani. Tluway alikuwa peke yake, ameupa mlango mgongo, anakoroga udongo. Nilimwamkia. Aliitika marahaba, kwa sauti kamili kama siku zote, na hilo liliniumiza kuliko kama asingeitika. Nilimwuliza Veronika yuko wapi. Akasema ameondoka na Udamasi, wamekwenda uwandani, upande wa Hanang, huko mtoto atakua akiitwa jina la ukoo wa mhunzi na hakuna atakayeuliza zaidi. Nikauliza watarudi lini. Akasema hawatarudi.

"Hakuniachia neno?" nikamwuliza.

Alifikiri kwanza, kwa kuwa alikuwa mtu anayejibu kweli.

"Hakuacha."

Nilisubiri aongeze kitu. Mtu mzima mwingine angeongeza. Aliendelea kukoroga, kisha akasema kwamba kama nataka kukaa, pale pangu papo, na kama siwezi, niende sasa wakati watu bado wako mashambani, nisionekane nikitoka huko. Hakusema kwa ukali. Alitaka kujua tu, ili aendelee na kazi yake. Kwa mbali, nje, nilimsikia Ansila akiniita. Sauti yake ilikuwa inakaribia, na bado hakuwa ameuona mlango.

Nikatoka.

Baadaye Tluway naye aliondoka. Wengine walisema alichukuliwa kazi kwenye mashamba ya mkonge, wengine wakasema alirudi jeshini. Mvua za mwaka uliofuata ziliangusha paa lile, na kwa kuwa halikuwa linajulikana kuwa paa, watu walisema tu kwamba kilima kimetitia. Nimekwenda Katesh mara nyingi katika maisha yangu, kwa mazao, kwa harusi, kwa misiba, na kila mara nimewatazama wanawake wa umri fulani sokoni, nikiwasalimu kabla hawajanisalimu. Sijawahi kumwuliza yeyote jina la mama yake.

Siku ile nilipotoka kilimani nilimpata mama peke yake jikoni, amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Nilimwambia wameondoka. Hakuniuliza akina nani.

"Mtoto alikuwa mzima?" akauliza.

Nilisema sijui, sikuuliza. Alitikisa kichwa mara moja, akajitilia mahindi mengine, akaendelea kusaga. Ungo ulijaa, akautoa, akaweka mwingine. Nilikaa mlangoni nikimtazama. Mchana ule alisaga unga wa kulisha watu kumi na watano, na nyumbani tulikuwa watatu.